Nati za Gurudumu la Kushoto

Nakaale alikuwa chini ya pikapu, mgongo juu ya katoni, akiminya pampu ya grisi, wakati Sally alipompiga teke kwenye unyayo.

"Vuta miguu yako. Nataka kupita."

"Uwanja wote huu, na njia umeiona juu ya miguu yangu?"

"Uwanja ni wa mume wangu."

"Wetu," Nakaale akajibu kutoka chini. "Kwa sasa."

Mume wao, Lomorukai, alikuwa amekaa juu ya jerikeni kwenye kivuli cha ukuta, simu mkononi. Alifumba macho. Wanawake hawa wawili hawakuwahi kupendana sana, lakini wiki hii walikuwa wamepita kiasi.

Pikapu hiyo ndiyo iliyowalisha. Nakaale, mke mkubwa, aliiendesha ikiwa imejaa samaki wakavu kutoka ziwani hadi Kakuma. Sally, mke mdogo, aliwauza huko. Lakini ukame ulikuwa umemaliza ngamia wa Lomorukai, na huko huko Kakuma kulikuwa na binti aliyemtaka awe mke wa tatu. Mzee Adome, baba wa binti, alikubali kupokea pikapu badala ya mifugo. Alipoijaribu, usukani ulilia kwenye kona na propela, ule mhimili wa chini unaozungusha magurudumu, ikagonga. Akasema haipokei mpaka kila kiungo kipate grisi. Tena asicheleweshwe, kwa maana Jumamosi kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anakuja kuposa, na huyo ngamia wake walikuwa hai.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Kazi ingekwisha jana kama Sally asingekanyaga kopo la grisi. Mchanga uliingia, grisi yote ikaharibika. Nakaale alisema ni makusudi. Sally alisema mtu mwenye akili haachi kopo wazi njiani. Walipigiana kelele mpaka majirani wakatoka, na Lomorukai akaenda dukani kununua kopo jingine.

Nakaale alifuta vumbi kwenye nipo ya propela, ule mdomo mdogo wa chuma unaopitisha grisi, akaubana na pampu na kuminya taratibu. Grisi ya zamani ikatoka nyeusi. Akaminya mpaka ikaja safi, akaipangusa. Viungo vya propela vilikuwa tayari, na usukani upande wa kulia pia. Ulibaki upande wa kushoto. Huko nipo ilijificha nyuma ya gurudumu, na kiungo hakikupokea grisi vizuri kikiwa kimebeba uzito. Akapiga jeki, akafungua nati, akavua gurudumu. Nati zote sita akaziweka kwenye sahani ya bati.

Sally, aliyekuwa akipita na ndoo, alisukuma jiwe kwa mguu mpaka likakaa sawasawa chini ya ekseli. Kisha akatema mate pembeni, akaenda zake.

Simu ikalia. Lomorukai alisimama.

"Ejok, mzee Adome. Ndiyo. Leo jioni naileta. Limebaki gurudumu moja tu."

Alipokata simu, Sally alikuwa amesimama juu ya Nakaale, mikono kiunoni.

"Chapuka basi. Mwenzako anangoja kuolewa."

"Mwenzangu? Wewe ndiye wa kupata mwenzako. Mtalala njaa pamoja."

"Tangu nije hapa kutoka Lorugum hujaninenea neno jema."

"Ulipoletwa, nani alikupaka mafuta kichwani? Mikono hii!"

"Ndiyo maana nywele zilikatika!"

Nakaale akatoka chini ya gari akiwa na grisi mpaka viwikoni. Sally akapiga sahani teke. Ilipaa, ikalia kwenye ukuta, ikazama mchangani. Nakaale akamrukia, akamshika sikio na kulivuta. Wakaanguka pamoja, vumbi likafunika gari.

"Acheni!" Lomorukai aliwatenganisha kwa nguvu. "Mnataka kuniaibisha mbele ya wakwe?"

"Muulize huyu mchawi!"

"Mchawi ni aliyekuzaa!"

Lomorukai alipiga magoti, akachekecha mchanga kwa vidole. Alipata nati mbili. Akasogea, akachekecha tena mpaka ukutani, jasho likimtiririka. Mbili tu. Gari lisingefika hata daraja la Turkwel kwa nati mbili. Angeita fundi, lakini Lodwar nzima ingejua kabla ya giza kwamba mwanamume anayetafuta mke wa tatu ameshindwa na wawili alio nao.

Akainuka, akajikung'uta magoti.

"Nitatafuta nati kesho. Usiku huu nalala kwa ndugu yangu, sitaki kusikia sauti ya mtu. Na kesho mtaimaliza hii kazi mbele ya macho yangu."

"Mwambie huyu asinikaribie," alisema Sally.

"Mimi nikukaribie wewe? Una nini?"

Lomorukai alifunga geti kwa kishindo. Nyayo zake zikafifia upande wa barabara kubwa.

Nakaale alichukua kitambaa, akafunga nipo ya kushoto ambayo haikuwa imeguswa, mchanga usiingie. Akaweka pampu juu ya katoni. Sally akaleta chai kwenye kikombe kimoja, akaketi karibu naye, mabega yakagusana. Akafungua pindo la leso yake, na nati nne zilizobaki zikadondoka mapajani mwa Nakaale.

"Leo umelivuta sikio kweli kweli," alisema.

Nakaale akampulizia sikio lililovimba.

"Pole, mdogo wangu. Kesho vuta langu."