Wateja wa Lomunya

Sheria ilikuwa wazi: mjumbe wa bunge la jimbo akipitisha mradi wa maendeleo, sharti ahamie hapo hapo mpaka mradi upate wakazi na kusimama wenyewe. Ndivyo Kwamboka alivyojikuta akiishi Lomunya, mji wa viwanda alioutetea bungeni kwa maneno matamu. Lami ilikuwapo, taa ziliwaka, shule ilijengwa, ila watu hawakuja. Mumewe alibaki kwao, akisema yeye hakupiga kura yoyote.

Jirani alikuwa mmoja tu, Jemutai, mkaanga maandazi aliyeziamini hotuba zake za bungeni akahamia. Kwa kumhurumia, Kwamboka aliagiza maandazi kila siku kwa majina ya watu wasiokuwapo, na videge vya mizigo visivyo na rubani vikamletea yote kwa mlango wa nyuma. Jikoni mwake yalikuwa yanaota ukungu.

Asubuhi moja Jemutai alipiga hodi, uso umemnawiri.

"Mheshimiwa, mji wako umechangamka! Wateja siwaoni kwa macho, lakini wanakula kama nzige. Nimemwita dada yangu tusaidiane. Kesho anauza shamba aje."

Kwamboka alishikilia mlango.

"Ana watoto?"

"Wanne, na kelele zao! Wewe mwenyewe utahama."

Kwamboka aliitazama barabara iliyonyooka mbele yake, tupu hadi macho yalipokoma. Alijua la kusema, na alijua kwamba kesho lingekuwa limechelewa.

"Mwambie asikawie," alisema taratibu. "Shule iko wazi."