Jaribu Tena, Ayoub

Asilimia tisini na moja. Ayoub aliigusa flashi ya Windows iliyochomekwa kwenye laptopu kwa kidole cha mwisho, ili ilegee, kidogo tu, kama mtu anayepangusa vumbi, na skrini nzima ikageuka buluu.

"Imekataa tena," alisema, akajifuta jasho.

"Mara ya tatu hii," alisema Salhiya. "Shemeji, si wewe unayesifiwa Mlandege nzima?"

Salhiya alikuwa jirani yao wa Michenzani, kazi yake kuunga video za harusi. Alikaa benchini bega kwa bega na Mwatum, mke wa Ayoub, na wote wawili walinyoosha shingo kuitazama skrini. Laptopu ya Salhiya, kizee, ilikuwa imeganda tangu jana. Mwatum ndiye aliyemshika mkono asubuhi ile: twende dukani kwa mume wangu, atakupigia Windows upya hapo hapo, na mafaili yako ya harusi hayataguswa.

Kweli, yasingeguswa. Hilo ndilo lililomtia Ayoub homa.

"Harusi ya nani yenyewe?" aliuliza Silima, muuza makava ya simu wa duka la pili. Hakuna umbea uliopita Mlandege bila ya kuvua viatu mlangoni kwake.

"Ya huko mtaa wa Amani, wiki mbili nyuma. Bi harusi anaitwa Mwanakheir," alijibu Salhiya. "Mie hata sijaitazama, alopiga picha binamu yangu. Ikiwaka tu naanzia mwisho, pale bwana harusi anapoingizwa kwa wanawake. Hapo ndipo panaponoga."

Silima akakumbuka ghafla kwamba ana mteja, akatoka. Alikuwa shahidi wa ndoa ile.

Na bwana harusi alikuwa Ayoub.

Mwatum hakuwahi kumkataza kuoa. Alimwekea sharti moja tu, miaka mingi nyuma: "Ukitaka mke mwengine, niambie kwa mdomo wako mwenyewe. Nikisikia kwa watu, sikai kwako hata usiku mmoja." Ayoub alikusudia kumwambia, wallahi alikusudia. Alikusudia kabla ya posa, akakusudia baada ya ndoa, akakusudia Ijumaa iliyopita wakinywa chai. Kila akikaribia, anakwama.

"Jaribu tena, Ayoub," alisema Mwatum kwa upole.

Akajaribu. Ishirini. Arubaini. Betri ya laptopu ilikufa zamani, basi alimwomba Mola umeme ukatike, lakini umeme ule wa Mlandege, unaokatika hata mtu akipiga chafya, leo ulisimama wima. Sabini. Wanawake wawili wamemwinamia begani. Hata nafasi ya kufungua faili moja akalifuta kimyakimya hana. Themanini na tano.

Silima alichungulia mlangoni. "Yakhe, bado tu? Mashine hiyo imezeeka kuliko majumba ya Michenzani! Mwacheni marehemu apumzike."

Kidole kikaenda kwenye flashi. Buluu.

"Tatizo hasa nini?" aliuliza Mwatum. "Kama kuna jambo tuambie tu. Hatukuli."

"Hakuna jambo. Mashine mbovu."

"Basi mie naipeleka Darajani," alisema Salhiya, akainuka. "Kuna fundi kule..."

"Kaa!"

Ayoub alipiga ukelele hata mpita njia akageuka. Akaishusha sauti. "Kaa, shemeji. Iloharibika ni diski. Ukenda kwa fundi yeyote atakwambia hivyo hivyo. Dawa ni moja: nifute kila kilichomo, ndipo itakubali."

"Na harusi ya watu?"

"Itaondoka."

Salhiya alimtazama Mwatum. Mwatum alimtazama mumewe, na upole wa macho yale ulimchoma Ayoub kuliko tusi.

"Hakuna njia nyengine?" aliuliza Mwatum.

"Hakuna."

"Fikiri vizuri, mume wangu. Kikishafutwa hakirudi."

Ulimi wake ukalegea. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno: Mwatum, mie nimeoa. Matatu tu, hata mtoto angeyasema. Akayatafuna, akayameza.

Akabonyeza.

Alifuta, akafomati, kisha akapiga Windows juu yake ili asije fundi mwengine akachimbua kitu. Safari hii kidole hakikusogea. Tisini na moja. Tisini na nane. Mia. Laptopu ikawaka, skrini safi na tupu kama nyumba iliyohamwa.

Ayoub alivuta pumzi, ya kwanza tangu asubuhi. Akaupanga uso wake ukae wa huzuni.

"Samahani sana, shemeji. Harusi ndiyo imekwenda. Nimefanya kila nilichoweza."

Salhiya hakulia wala hakulaumu. Aliifunga laptopu, akaiweka mapajani, akangoja.

Mwatum alifungua mkoba wake, akatoa flashi ndogo nyekundu, akamtia rafiki yake kiganjani.

"Shika nakala yako ya harusi, shoga," alisema. "Nilikwambia atafuta."