Jani Mlangoni kwa Kobe

Hapo Mungu alipowagawia wanyama kazi, Pimbi alipewa kulinda lango la watoto yatima wa dada yake. Mgeni akija, Pimbi alimwuliza kwanza Kobe, aliyejua harufu ya kila mwizi. Kobe alisikiliza mmoja mmoja: aliyeingia kwake alitundika jani mlangoni, na akitoka alilitoa mwenyewe.

Mbweha, mwenye uchu wa watoto hao, alitundika jani mlangoni kwa Kobe kwa siri, kisha akabisha langoni.

"Shemeji, Kobe ana mtu. Nifungulie tu, jua linanichoma!"

"Subiri, shemeji. Mwenye jani atatoka."

Mbweha akasubiri, hata njaa ikamsahaulisha ujanja. Akaenda akalichomoa jani ili Kobe aonekane hana mtu, Pimbi akimtazama.

"Kumbe mwenye jani ni wewe!" Pimbi akacheka. "Basi Kobe tumwache apumzike. Nenda salama, shemeji."