Mrija wa Kwanza

Baba aliushika mrija, lakini hakuupeleka mdomoni.

Wageni kutoka Nyamiaga, waliokuja kuniposa, walikuwa wameketi mkekani wakimsubiri. Kwetu Kanazi mwenye nyumba huonja kwanza pombe ya ndizi, ili wageni wajue haina sumu. Asipoonja, wao huinuka na kwenda zao, na posa huishia hapo.

Baba alikuwa na miezi minane bila kunywa. Ulevi ulimshika mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, nasi tukawa tunawauzia pombe. Kila mtungi aliuonja yeye. Mwishowe pombe ikawa haifiki tena kambini.

"Vipi, Mzee Juvenali?" mshenga akauliza. "Mbona huonji? Kuna nini humo?"

Mama alisimama mlangoni, ameuma pindo la kanga. Baba akanitazama kama mtu anayeomba ruhusa, na sikujua anaomba ruhusa ya kunywa au ya kukataa.

Nikapiga magoti, nikautwaa mrija mkononi mwake.

"Niwieni radhi, wazee wangu. Leo nitaonja mimi kwa niaba ya baba."

Wakaguna, kisha wakakubali.

Sikuwa nimewahi kuionja pombe maishani. Ilikuwa tamu. Ilishuka na joto lake hadi tumboni, na hofu yote niliyoamka nayo ikalegea. Wageni wakapiga makofi. Mama akashusha pumzi.

Baba peke yake ndiye aliyeona kwamba sijautoa mrija mdomoni.