Damu ya Kabla ya Sindano

Seli za ubongo wa binadamu zilizotiwa damu ya sungura ziliwaka kijani chini ya hadubini, na mtaalamu wa maabara akainama kutazama tena.

Damu ile ilikuwa ya sungura mpya, ambaye hajadungwa bado protini ya ubongo wa binadamu. Haikupaswa kuitambua, na kijani kile kilikuwa ishara kwamba imeitambua. Damu hukijua kile tu ilichowahi kukutana nacho. Alijaribu damu ya sungura mwingine, pakawa giza totoro. Akarudia ya huyu, kijani kikawaka tena.

Alikwenda bandani. Mzee mfugaji alikuwa amempakata sungura yule, sikio limelala kiganjani, mishipa ikionekana kama nyuzi nyekundu.

"Shikamoo, mzee. Huyu ulimtoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemfuga mwenyewe nyumbani."

"Hajawahi kudungwa sindano?"

"Amdunge nani? Alikuwa wa mke wangu. Tangu mama wa watu atoweke, majani hayagusi kabisa."

"Sasa anakula nini?"

Mzee aliendelea kulipapasa lile sikio, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Keti kwanza, mwanangu," alisema. "Na huo mlango urudishie."