Mlango wa Uso Mmoja

"Irudishe nyuma," Mzee alisema. "Nataka nimwone mwizi wangu vizuri."

Junior akairudisha. Kwenye skrini, dereva wa kiwanda akatokea tena kwenye korido na madebe yake ya rangi. Akafika kwenye mlango wa chuma, akaweka madebe chini, akasogeza uso kwenye kioo cha kufuli huku anafinya jicho. Mlango ukafunguka.

Dereva mwenyewe alikuwa kasimama hapo hapo ofisini, kofia mkononi, anajitazama kama mtu anayeangalia ajali.

Chumba kile hakikuwa cha mchezo. Ndani kulikuwa na kompyuta iliyotunza kila kitu cha kiwanda: michanganyo ya rangi zote, majina ya wateja, bei wanazopewa. Vikivuja, kiwanda kimekwisha. Ndiyo maana Junior, mtoto wa pekee wa Mzee, alileta kufuli la kusoma sura. Sura iliyosajiliwa ilikuwa moja tu, ya kwake. Hata Mzee akitaka kuingia, lazima amwite mwanawe.

Sasa jana mchana kufuli liliandika kwamba Junior ameingia. Na jana mchana Junior alikuwa kwa daktari wa meno, kaachama, mdomo umekufa ganzi.

Dereva alikuwa ameshajieleza mpaka sauti ikamkauka. Vumbi lilimwingia jichoni, akaona kioo, akajitazama. Mlango ukajifungua wenyewe. Alishtuka, akaufunga, akaenda zake.

"Umejifungua wenyewe," Junior alisema. "Umekuona mzuri."

Alisema mchezo wote anaujua. Huyu kibabu kapiga picha ya sura yake, akaionesha kwenye kufuli. Akamwamuru atoe simu. Kikatoka kisimu cha vitufe, kimefungwa rababendi ili betri isidondoke. Hakina hata kamera. Junior akakitupa mezani, akaanza kumpapasa: shati, suruali, mpaka soksi. Dereva alinyanyua mikono, akamwacha afanye anavyotaka. Yeye ndiye aliyekuwa anampeleka kijana huyo shule tangu hajui kufunga kamba za viatu.

Mzee akamwambia achague. Ataje aliyemtuma, au leo alale rumande na kesho mkewe amtafutie wakili. Dereva akasema hana wa kumtaja.

"Mfukuze, yaishe," sauti ilitoka mlangoni.

Alikuwa Mama Junior. Hakuna mtu pale kiwandani asiyejua kwamba hampendi dereva. Tangu Junior hajaanza kutembea alikuwa anamsumbua mumewe amwondoe yule mtu, na kila mara Mzee anamjibu kwamba dereva asiyelewa na asiyesinzia kwenye usukani haokotwi barabarani.

"Leo umejionea mwenyewe," alimwambia mumewe. "Aondoke. Hizo video zifutwe, polisi wa nini? Wateja wakisikia, mnajiharibia wenyewe."

Mzee akamtolea macho. "Zifutwe? Huu ndio ushahidi wangu, mama, halafu unaniambia zifutwe?"

Akasema hakuna kitakachofutwa, na fundi aliyefunga kufuli yuko njiani. Mama Junior akasema fundi wa kazi gani, kufuli ni bovu, kila mtu anaona ni bovu. Alikuwa anaongea haraka sana.

Fundi akafika, anatafuna bazoka. Alikuja kiwandani siku moja tu, akafanya kazi na Junior peke yake. Wengine hakuwa anawajua. Aliposikia neno bovu alikasirika. Akasema kufuli lake halidanganywi na picha, linapima mtu alivyoumbwa: macho yamekaaje, pua imetokaje, taya limeshukaje. Akawapeleka wote kwenye korido, akaweka uso wake. Taa nyekundu. Akamvuta Junior. Taa ya kijani.

"Bovu liko wapi?"

"Wewe," Mzee akamwambia dereva. "Weka sura yako hapo."

Dereva hakusogea. Miaka yote hiyo, akitumwa alikuwa anakwenda, iwe mvua iwe jua. Akamtazama Mama Junior, akainamisha kichwa.

"Nipelekeni polisi tu," akasema. "Andikeni nimeiba. Nitasaini."

"Mmesikia wenyewe," Mama Junior alidakia. "Kakubali. Mpelekeni."

"Alionesha nini kwenye kufuli? Nataka nijue," Mzee alisema.

Junior akachoka kusubiri. Akamkamata dereva ukosi, akamsukuma, akamshindilia uso kwenye kioo kama anayegonga mhuri. Dereva alifumba macho. Junior akamwambia afumbue, au atayafumbua yeye.

Akafumbua.

Taa ya kijani. Mlango ukalia, ukafunguka.

Fundi akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akampiga Junior begani.

"Sasa kijana, si ungeniambia tu kwamba unafanya kazi na baba yako? Haya makufuli huwa yanachanganya baba na mwanawe. Ningemsajili kivyake siku ile ile, hata msingefika huku kwenye kugombana."

Hakucheka mwingine. Mkono wa Junior ulibaki kwenye ukosi wa dereva, umesahauliwa.

Mzee akautoa ule mkono, taratibu. Akamsogeza dereva pembeni. Akavua miwani, akasimama mbele ya kioo, akaweka uso wake.

Taa nyekundu.

Akafuta kioo kwa mkono wa shati, akajaribu tena.