Hatua ya Sita

Mwongozo niliokuwa nikiuandika wa programu ya kuhariri maelezo ya vipindi vya podikasti ulikuwa umebakiza picha mbili tu. Hatua ya tano ilihitaji picha ya kubadilisha jina la mtangazaji, nami nikafungua kipindi cha mdogo wangu.

Jina lake lilikuwa pale juu peke yake, limekaa kama bibi harusi. Hadithi anazozisoma naziandika mimi. Yeye watu humsimamisha njiani kumsifia, mimi huniuliza, "Kumbe wewe ndiye dada yake?"

Nikalifuta jina lake, nikaandika langu. Mfano tu, nilijiambia, nikapiga picha. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza Ghairi.

Kidole kikaiacha Ghairi. Kikabonyeza Hifadhi.

"Dada, umefika wapi?" mdogo wangu aliita kutoka chumba cha kurekodia.

"Hatua ya sita."

Hatua ya sita ni historia ya mabadiliko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika, kwa herufi nzito, kwamba haifutiki. Nikaifungua niipige picha.

Mstari wa juu ulikuwa wangu: nimemwondoa mtangazaji, dakika moja iliyopita.

Chini yake ulikuwa wake, wa asubuhi: ameongeza mtunzi kwenye vipindi vyote arobaini na kimoja. Jina langu, kamili. Litaonekana saa kumi.

"Dada!" akaita tena, kicheko kikimponyoka. "Ikifika saa kumi ufungue kipindi chetu. Ila ufungue mbele yangu, nataka nikuone uso."